Watekaji Wasioijua Kazi: Majibu kwa Waandishi wa Hadithi za Uhalifu

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: hadithi ya uhalifu inayochekesha huku inatisha, ambamo watu wasio na uzoefu wanamteka mtu na mambo yanawaharibikia. Tumechagua saba. Waliouliza "mnaionaje rasimu yangu" bila kuituma watuwie radhi.

Shikamooni wanajopo. Riwaya yangu ina marafiki watatu wanaomteka mfanyabiashara ili walipe madeni. Walioisoma wanacheka mpaka sura ya 6, pale mlinzi wa mfanyabiashara anapokufa kwa ajali. Hapo wanasema "imekuwa nzito" na kuiweka chini. Je, nikitoe kifo?

Marahaba. Usikitoe. Kifo hakina kosa. Kosa liko kwenye sura tano za mwanzo, ambazo zimemwahidi msomaji kwamba humu haumii mtu. Ukianza na mizaha mitupu, damu ikija inaonekana imepotea njia kutoka kitabu kingine. Kwa hiyo ianze mapema. Kama rasimu ina maneno 80,000, kabla ya neno la 20,000 mtu awe ameumia kweli: kidole kimebanwa na mlango wa gari mpaka kikavunjika, na kiendelee kuuma kurasa hamsini mbele. Mtekaji anayeshindwa kufunga fundo la kamba kwa sababu ya kidole hicho, huku mateka akimwelekeza namna nyingine ya kulifunga, anachekesha na kutisha kwa mkupuo mmoja.

Kitakachomuua mlinzi nacho tukione mapema, tena tukicheke. Ngazi mbovu ambayo watu watatu wameiruka wakilalamika ndiyo imwangushe wa nne. Msomaji aliyecheka mara tatu anajiona mshiriki wa ajali hiyo, na kicheko chake kinamkwama kooni. Ndicho unachokitafuta.

Sasa msuko. Rasimu nyingi za aina hii huwafanya watekaji wajinga, kisha ujinga huo ukabebeshwa kitabu kizima. Mjinga anachekesha kurasa kumi. Anayechekesha kitabu kizima ni mtu mwenye akili zake anayefanya uamuzi wa busara katika kazi asiyoijua. Jaribu mnyororo huu. Kukodi gari kunahitaji leseni na jina halisi, kwa hiyo wanaazima gari la mama mkwe: uamuzi mzuri. Mama mkwe analitaka Ijumaa saa nne asubuhi, kwa hiyo siku ya mwisho ya kulipa kikombozi haipangwi na watekaji, inapangwa na ratiba ya mama mkwe. Familia inaomba siku mbili za ziada kutafuta pesa. Ombi la haki kabisa, lakini watekaji hawawezi kulikubali na hawawezi kueleza kwa nini. Wanapiga kelele kwenye simu. Familia inawaona katili kupindukia na kuita polisi. Hakuna aliyefanya upumbavu hapo, na tayari mambo yameoza.

Kipimo chetu ni hiki: chukua kila kosa la watekaji, uliza lilikuwa linatibu kosa gani lililotangulia. Likiwa halitibu lolote, umelitia kwa sababu ulihitaji kicheko. Lifute.

La mwisho ni sauti ya msimulizi. Msimulizi asicheke. Katika kurasa ulizotuma kuna sentensi hii: "Kwa uzembe wake wa kawaida alisahau funguo ndani ya gari alimokaa mateka, jambo ambalo lingemchekesha mtu yeyote." Ondoa hukumu, ondoa tangazo la kicheko, baki na vitendo: "Funguo zilikuwa zinaning'inia kwenye swichi. Mateka alizitazama, akawatazama wao kupitia kioo, akahamia kiti cha dereva na kufunga mkanda." Mkanda ndio unaochekesha. Mtu anayekimbia kuokoa maisha yake huku akifuata sheria za barabarani hahitaji maelezo.

Mhariri wangu amekataa tukio la mkoba wenye dola milioni moja. Anasema hautoshi. Mbona kwenye filamu unatosha?

Inategemea noti. Noti ya dola ya Marekani, ya thamani yoyote, ina uzito wa takriban gramu 1 na unene wa milimita 0.11. Milioni moja kwa noti za 100 ni noti 10,000: kilo 10 na lita 11 hivi zikiwa mpya na zimebanwa. Mkoba mkubwa wa ofisini unazibeba kwa shida. Hapo mhariri wako amekosea.

Lakini watekaji wako wanadai "noti ndogo ndogo zilizokwisha kutumika", maneno waliyoyaokota kwenye filamu hizo hizo. Kwa noti za 20 zinakuwa noti 50,000, kilo 50, sawa na mfuko mzima wa saruji, na ujazo unapita lita 56. Zilizotumika huvimba, zinataka nafasi zaidi. Wakishikilia noti za 5 tu, ni kilo 200. Hapo mhariri yuko sahihi, na wewe umepewa zawadi: badala ya kulirekebisha tukio, liache liharibike mikononi mwa wahusika. Wanafika na pikipiki kuchukua kilo 50. Au mleta pesa ni mhasibu mwenye ngiri aliyekatazwa na daktari kunyanyua vitu vizito, na anaomba msaada.

Usiwasahau pia wakati wa kuhesabu. Noti moja kwa sekunde moja bila kupumzika, noti 50,000 ni saa 13 na dakika 53. Watu watatu wakigawana na kupata jumla tatu zisizolingana, unayo sura nzima ya ugomvi ndani ya chumba kimoja, bila polisi na bila bastola. Tungeiweka karibu na mwisho, maana hapo ndipo urafiki unapovunjika.

Klorofomu kwenye leso humzimisha mtu kwa sekunde ngapi?

Kwa sekunde, haimzimishi. Dawa hiyo, iliyoanza kutumiwa na madaktari kama nusukaputi mwaka 1847, huhitaji kuvutwa kwa dakika kadhaa, na ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Mtekaji asiye na uzoefu wa riwaya yako atajikuta anapigana na mtu mzima dakika nzima huku na yeye anavuta harufu ile ile. Andika mapigano hayo. Leso inayofanya kazi papo hapo imechosha wasomaji kitambo.

Mateka wangu hana uhai. Amefungwa kitambaa machoni, amekaa kwenye kiti, basi. Nimpe nini cha kufanya?

Mpe mahitaji. Mtu mzima aliyefungiwa chumbani anataka maji, chakula, choo mara kadhaa kwa siku, pa kulala, na pengine dawa. Watekaji wanaoanza hupanga dakika kumi za kumkamata na kusahau siku tano za kumtunza. Kabla ya kuandika, chora jedwali la saa 24: nani anampeleka choo, nani anamfungua mikono ili ale, nani analala. Ukikuta watekaji wawili wanatakiwa kuwa macho saa 24 kwa siku nne, umegundua kwa nini siku ya nne watafanya kosa kubwa. Uchovu ni sababu ambayo msomaji haihoji.

Dawa zina kazi maalumu. Mateka mwenye pumu aliyeacha kipuliziaji chake ndani ya gari la mama mkwe anawalazimisha watekaji wachague kati ya kuonekana duka la dawa na kubaki na maiti isiyolipiwa. Mwenye kisukari anayechoma insulini anawapa saa inayohesabu bila mtu yeyote kutaja bomu.

Kisha mpe maoni. Mfano mkongwe ni Julius Caesar, mtawala wa baadaye wa Roma, aliyetekwa na maharamia wa Kilikia (pwani ya kusini ya Uturuki ya leo) yapata mwaka 75 kabla ya Kristo. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, anasimulia kwamba maharamia walidai talanta 20 (talanta ni kipimo cha kale cha fedha). Caesar akawacheka kwa kutomjua waliyemkamata, akasema watoze 50. Kwa siku 38 aliwaamuru wanyamaze akitaka kulala, akawasomea mashairi yake na kuwaita washenzi walipokosa kuyasifu. Alikuwa akiwatania kwamba atawanyonga wote. Walimwona mcheshi. Alipoachiwa alikusanya meli, akawakamata, akawasulubisha.

Tazama mpangilio wake: utani wa mateka na tishio la mateka ni sentensi ile ile. Watekaji wanaisikia kama mzaha, msomaji anaanza kuwa na wasiwasi, na hakuna hata neno moja linalobadilika. Mateka wako naye aseme jambo la kweli mapema, tena kwa upole, na asiaminiwe. Sio lazima awe mtu mwema. Mateka mchoyo, anayekasirika kwa sababu kikombozi kilichotajwa ni kikubwa mno na familia italipa, anafaa vilevile.

Je, inaaminika familia tajiri ikipunguza bei kama sokoni?

Inaaminika kupita unavyofikiri. John Paul Getty III alitekwa Roma mwaka 1973, watekaji wakataka dola milioni 17. Babu yake, aliyekuwa miongoni mwa matajiri wakubwa kabisa duniani, alikataa kwa hoja kwamba akilipa, wajukuu wake wengine nao watatekwa. Kijana alikatwa sikio, likatumwa gazetini. Babu hatimaye alikubali kutoa takriban milioni 2.2, kiasi ambacho kingepunguziwa kodi, na sehemu iliyobaki ya kikombozi akamkopesha mwanawe, baba wa kijana, kwa riba ya asilimia 4.

Mwandishi angeibuni riba hiyo, mhariri angeifuta kwa kusema imezidi chumvi. Ona lakini kinachoifanya iwe chungu: babu ana hoja inayoshikika. Anayekataa kulipa katika hadithi yako naye awe na hoja ambayo msomaji hawezi kuijibu haraka. Bahili mtupu ni kikaragosi.

Nataka watekaji wakamatwe, lakini sitaki mpelelezi gwiji. Nifanyeje?

Huna haja naye. Desemba 1963 vijana wawili walibisha hodi kwenye chumba cha hoteli alimokuwa Frank Sinatra Jr., mtoto wa mwimbaji maarufu Frank Sinatra, karibu na Ziwa Tahoe huko Marekani, wakijifanya wameleta kifurushi, wakamchukua. Mwenzao wa tatu, mtu mzima kidogo, ndiye aliyekuwa sauti ya simu. Kikombozi cha dola 240,000 kililipwa. Wakati wawili wameenda kuchukua pesa, wa tatu aliingiwa na hofu akamwachia mateka kabla wenzake hawajarudi. Mateka alitembea mpaka akakutana na mlinzi, na ili waandishi wa habari wasimwone, akapelekwa kwa mama yake akiwa ndani ya buti ya gari. Kisha yule wa tatu akamweleza ndugu yake yote. Ndugu akapiga simu FBI, idara ya upelelezi ya Marekani.

Hakuna gwiji hapo. Kuna mtu aliyeshindwa kubeba siri. Jiulize tangu sura ya kwanza: kati ya watekaji wako, nani ana mtu ambaye hajawahi kumficha jambo? Mwandikie mtu huyo tukio fupi mapema, la mambo ya kawaida kabisa, ili simu yake ya mwisho isionekane imedondoka kutoka mbinguni.

Njia nyingine ni pesa zenyewe. Kikombozi cha dola 50,000 kilicholipwa 1932 kwa ajili ya mtoto aliyetekwa wa rubani Charles Lindbergh kilikuwa na noti nyingi za vyeti vya dhahabu (pesa za karatasi zilizoweza kubadilishwa kwa dhahabu), namba zake zimeandikwa. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani iliamuru vyeti hivyo virudishwe, kwa hiyo vilivyobaki mitaani vikawa vinashtua. Septemba 1934 mhudumu wa kituo cha mafuta alipokea kimoja cha dola 10, akahofia benki itakikataa, akaandika namba ya gari la mteja pembeni mwa noti. Polisi wakamfikia mteja huyo, Bruno Hauptmann. Mtoto alikuwa amekwisha kufa zamani, na katika kisa hicho hakuna cha kuchekea. Chukua utaratibu wake tu. Mtu anayelinda shilingi zake mwenyewe, asiyejua lolote kuhusu utekaji, anafunga kesi.

Mtekaji asizidishe sekunde ngapi kwenye simu ili asijulikane aliko?

Kanuni hiyo ya filamu ni ya enzi za mitambo ya simu iliyofuatiliwa na fundi swichi kwa swichi. Mitambo ya kidijitali huijua namba inayopiga mara simu inapounganishwa. Ikiwa hadithi yako ni ya miaka ya 1950, tumia saa ya ukutani na jasho la fundi. Ikiwa ni ya leo, mwache mtekaji wako akate simu kila baada ya sekunde 20 kwa kuamini filamu, apige tena, akate tena, mpaka familia ishindwe kuelewa kiasi anachodai na imwombe atume ujumbe wa maandishi.