Re: Mtoto analia kila jioni akiambiwa afanye homuweki
Pole dada. Kabla hujamchapa huyo wa darasa la 3 kwa kulilia homuweki, angalia kwanza usingizi wake, watoto wa miaka 6 hadi 12 wanatakiwa walale masaa 9 mpaka 12, sasa umesema analala saa 5 usiku na saa 11 alfajiri ashaamshwa, hapo ni masaa 6 tu, kichwa kitashika nini jamani? Akirudi ale, acheze kidogo, ndo mkae na daftari, TV izimwe na simu yako pia weka mbali. Usimwandikie majibu, mwambie akusomee swali kwa sauti, mara nyingi utakuta kujumlisha anajua vizuri ila swali lenyewe ndo hajalielewa. Ikiendelea muone mwalimu mapema, usisubiri ripoti.