Barua kwa mwanangu: kuhusu Datsun ya marehemu baba yako

Kibosho, Moshi
8 Juni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako wa Jumapili nimeupata, nami nimeona nikujibu kwa barua badala ya simu, kwa kuwa jambo lenyewe ni refu na simu zetu hukatika kabla hatujafika kwenye maana. Umeniuliza kama Datsun 240Z ya marehemu baba yako, ambayo imekaa bandani tangu alipotutoka, irudishwe kama ilivyotoka kiwandani, au ikatwe mbele iwekewe injini ya kisasa ya Toyota yenye nguvu mara mbili, kama anavyokushauri rafiki yako wa Dar es Salaam. Umesema wataka neno langu kwa sababu mimi ndiye niliyemshikia baba yako taa miaka yote aliyolala chini ya gari lile.

Neno langu ni kwamba usikate. Mengine yote yanayofungwa kwa bolti na kufunguliwa kwa spana unaweza kuyabadilisha upendavyo, wala sitakuzuia, kwa maana wewe ndiye utakayeliendesha. Lakini bati likishakatwa halirudi, na hao wanaokushauri ukate hawajaliona gari hilo kwa chini.

Hata hivyo, mwanangu, swali la injini umeliuliza mapema. Gari lile halina chasisi ya peke yake kama lori au Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo chasisi, na nguvu zote za injini, za springi na za mashimo ya barabarani zinabebwa na mabati yaliyounganishwa. Bati la sakafu au la vizingiti vya chini ya milango likiliwa na kutu, gari linalegea kiunoni, na ukiliongezea nguvu mara mbili juu ya ulegevu huo litajipinda. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta kutu, na kutu ya magari haya hujificha.

Nitakueleza tulivyoigundua sisi. Baba yako alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio, akaiviringishia kipande cha kanga yangu kuukuu ili isikwaruze rangi. Aliitembeza taratibu juu ya fenda huku mimi nikimulika, na sumaku ikawa inashika vizuri na kuuvuta mkono wake, mpaka ilipofika kwenye kona ya chini, nyuma ya gurudumu la mbele, ikateleza ikaanguka mchangani. Akairudisha, ikaanguka tena. Alipoparua mahali pale kwa bisibisi, likatoka donge la pati lenye unene wa kidole gumba. Nyuma ya pati kulikuwa na karatasi za gazeti zilizokunjwa, na nyuma ya gazeti hapakuwa na kitu. Hiyo ilikuwa kazi ya fundi wa bodi tuliyemlipa mwaka uliotangulia, akaturudishia gari linang'aa. Masika mawili hayakupita, rangi ikaanza kuvimba kama ngozi iliyoungua. Baba yako alikaa kimya muda mrefu, kisha akachukua daftari akaandika mahali penyewe na ukubwa wa tundu. Daftari hilo ninalo, nami nitakukabidhi.

Pitisha sumaku gari zima. Angalia zaidi sakafu chini ya mazulia, mihimili miwili inayopita chini ya sakafu, bati linalobeba betri ambako tindikali hudondokea, na mahali pa kuingilia hewa chini ya kioo cha mbele. Hapo pa mwisho ndipo ninapopahofia. Banda letu liko chini ya mgrevilea, na majani yake yalikuwa yakiingia mle na kuziba vitundu vya kutolea maji, ikawa kila mvua inapovuja kwenye bati la paa maji yanasimama humo siku nzima. Nilikuwa nikiyatoa kwa vidole kila Jumamosi, lakini tangu magoti yanisumbue nimepitiwa mara nyingi, na hilo nalisikitikia.

Ukiona palipooza, kata mpaka ufikie bati safi, kisha chomelea kipande kipya chenye unene uleule. Usikubali bati jipya lipachikwe juu ya bovu, kwa kuwa maji yatakaa katikati na kula yote mawili. Kabla ya moto wowote tangi la mafuta litoke garini na betri itenguliwe. Na kabla ya kugusa kizingiti, gari liegemezwe sawasawa pande zote, na baada ya kila kipande ufungue na kufunga mlango. Bodi ikishuka kidogo tu wakati kizingiti kimekatwa, ukachomelea hivyo hivyo, mlango huo hautafunga vizuri tena. Fundi achomelee nukta moja hapa na nyingine mbali, asubiri ipoe, kwani bati jembamba likipata joto mfululizo hukunjamana. Ni kazi ya miezi, si ya wiki mbili za likizo yako.

Sasa injini. Iliyomo ni L24, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, bloku ya chuma na silinda hedi ya alumini. Usidhani ni injini dhaifu. Baba yako alilipenda gari hili tangu utotoni, magari ya mbio za Safari Rally yalipokuwa yakipita upande wetu wakati wa Pasaka, na watoto kukaa ukingoni mwa barabara tangu alfajiri. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda kwa 240Z nyingine, baada ya kufungana pointi na Harry Källström, aliyeendesha Datsun nyingine, hata ikabidi ushindi uamuliwe kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Mehta alizaliwa Uganda, na baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Walipita kwenye tope na vumbi la nchi hizi zetu.

Injini imelala muda mrefu, kwa hiyo asitokee mtu wa kuiwasha kwa pupa. Toa plagi zote sita, mimina mafuta kidogo ya injini katika kila tundu, uache siku mbili tatu, kisha uizungushe kwa mkono kwa spana kwenye bolti ya puli ya mbele. Ikizunguka bila kukwama, shukuru Mungu, ndipo upime mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Petroli iliyomo tangini imwagwe yote.

Ukitamani nguvu zaidi baada ya hapo, iko njia isiyohitaji msumeno: injini ya L28 ya 280Z, sentimita za ujazo 2,753, ni ya ukoo huohuo, na inafungwa kwenye vishikizo vilevile. L24 yetu utaipaka mafuta na kuihifadhi. Pointi za distribyuta, zile zinazokata na kuunga umeme ili plagi zitoe cheche, nakushauri uzitoe, uweke mfumo wa kielektroniki. Baba yako mwenyewe alizichoka. Breki nazo zije kabla ya nguvu yoyote. Mbele ni diski na nyuma ni ngoma, na mipira inayopeleka mafuta ya breki huvimba kwa ndani ikizeeka, hata gurudumu likabaki limeshikwa ilhali mguu umeshaondoka. Badilisha yote, hata unaouona mzima.

Kabureta ni mbili, na zilisawazishwa huku kwetu, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Ukilishusha gari Dar bila kuzigusa, hewa nzito ya pwani itafanya petroli iwe haba, na injini itachemka bila wewe kujua sababu. Chini ya kila kabureta kuna nati. Ukiipandisha petroli inapungua, ukiishusha inaongezeka. Zishushe zote mbili kwa kipimo kimoja, kidogo kidogo, kisha utazame plagi: nyeusi yenye masizi ina maana petroli imezidi, nyeupe ina maana haitoshi, na unayoitaka ni ya kahawia, kama buni iliyoanza tu kukaangwa.

Umesema pia unataka kulipaka rangi nyekundu yenye boneti nyeusi, kama yale ya mashindano, na ukaogopa kwamba nitakasirika kwa kuwa la baba yako ni jeupe. Sikasiriki hata kidogo. Rangi inaondoka kwa msasa. Ila ipakwe kiangazi, asubuhi kabla upepo haujaamka, na sakafu imwagiwe maji ili vumbi lilale.

Ukija Nanenane, uje na mipira ya breki, plagi sita, na turubai zito, kwa maana hili la sasa limepasuka. Ile injini ya Toyota usiilipie hata fedha ya awali. Nimeshamwomba kijana wa jirani apande kukata matawi ya mgrevilea yaliyoinamia bandani, naye amesema atakuja Alhamisi.

Mama yako