Barua kwa mwanangu: Kwa nini ndege za rafadha hazikuipita kasi ya sauti

Mwanangu Neema,

Barua yako nimeipata salama. Umeniuliza kama ni kweli kwamba mwezi Novemba 1942 marubani wawili wa Marekani, wakiporomoka kutoka juu kwa ndege za kivita aina ya P-47, zilizovutwa na rafadha, yaani panga linalozunguka mbele ya ndege, waliipita kasi ya sauti. Haikuwa kweli, ingawa wao hawakusema uongo. Vipima mwendo vyao vilionyesha takriban kilomita 1,167 kwa saa, lakini kifaa hicho hupima shinikizo la hewa, na ndege inapokaribia kasi ya sauti hewa inayoizunguka huvurugika hata sindano ikaonyesha mwendo usiokuwapo.

Naomba ulishike jambo moja: mpaka wa mwendo wa ndege za rafadha, yaani mwendo ambao ukivukwa ndege huacha kumtii rubani, haukuwa idadi maalumu ya kilomita, bali sehemu fulani ya kasi ya sauti, nayo kasi ya sauti hufuata joto la hewa. Kwenye usawa wa bahari, penye nyuzi joto 15, hufika kama kilomita 1,225 kwa saa. Kwenye mita 11,000, penye baridi ya nyuzi 56 chini ya sifuri, hupungua hadi kama 1,062. Hivyo aliyeanza kuporomoka kutoka juu sana aliufikia mpaka wake upesi zaidi.

Tazama P-38, ndege ya kivita ya Marekani iliyoundwa na kampuni ya Lockheed, ambayo mpaka wake ulikuwa karibu asilimia 68 tu ya kasi ya sauti. Hewa iliyopita juu ya bawa lake nene ililazimika kukimbia kuliko ndege yenyewe, ikaifikia kasi ya sauti kabla yake. Hapo wimbi la mshtuko, yaani ukuta mwembamba wa hewa iliyobanwa ghafla, lilizuka juu ya bawa, nguvu ya kuinua ikapungua, mkondo wa hewa uendao mkiani ukabadilika, na pua ikazidi kuinama huku mkia ukitetemeka. Rubani aliuvuta usukani kwa mikono miwili, nao haukumtii. Novemba 1941 rubani wa majaribio Ralph Virden alipoteza maisha baada ya mkia wa ndege yake kukatika, na msiba huo hunigusa kila ninapousoma, kwa kuwa wakati ule wahandisi wenyewe walikuwa bado wanaitafuta dawa. Baadhi ya waliokwama hivyo waliokolewa na hewa ya chini, iliyo nzito na yenye joto, kwa sababu huko ndege ilirudi ndani ya mpaka wake na usukani ukafanya kazi tena. Mwaka 1944 P-38 zilianza kufungwa vibao chini ya mabawa, ambavyo rubani alivifungua mwanzoni mwa mporomoko ili pua iweze kuinuka.

Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza yenye bawa jembamba, ilivumilia zaidi. Aprili 1944, katika majaribio ya Farnborough, Uingereza, rubani Martindale alifika karibu asilimia 90 ya kasi ya sauti; rafadha ikang'oka, naye akaielea ndege bila injini hadi uwanjani. Kumbuka pia kwamba ncha za rafadha husonga mbele pamoja na ndege huku zikizunguka, kwa hiyo huipita kasi ya sauti mapema kuliko ndege nzima, na katika mwendo huo rafadha huacha kuvuta, ikawa breki.

Baba yako