Watu wa kale hawakuhama kama tunavyohama sisi

Wadogo zangu wapendwa,

Nilipowaeleza kwamba huku Marekani kodi ya nyumba na bima ya afya humeza sehemu kubwa ya mshahara, hata kwa mtu anayefanya zamu za usiku katika nyumba ya wazee, mlinijibu kuwa kuhama ni asili ya binadamu, na kwamba watu wa kale nao walitoka Afrika wakaenda hadi Amerika kutafuta maisha. Kwa kuwa ninaishi New Mexico, jimbo lenye ushahidi wa zamani sana wa watu hao, naomba niijibu hoja hiyo kwa uangalifu.

Katika enzi ya mwisho ya barafu, maji mengi yaliganda juu ya nchi kavu, na kina cha bahari kikashuka kwa takriban mita 120. Penye Mlango wa Bahari wa Bering leo, kati ya Siberia na Alaska, palikuwa na nchi pana yenye majani, malisho ya mamothi (wanyama wa kale waliofanana na tembo, wenye manyoya mengi), farasi na nyati. Zaidi ya miaka 30,000 iliyopita watu walikuwa tayari wakiwinda kando ya Mto Yana, kaskazini mwa Siberia. Vizazi vya wawindaji kama hao vilifuata wanyama, vikapiga kambi, vikazaa na kuzika, na wajukuu wakasogea mbele kidogo. Hapakuwa na siku ambayo mtu aliliaga bara moja na kuelekea jingine. Baadaye, barafu ilipoziba njia ya nchi kavu, huenda wengine walishuka kwa kufuata pwani ya Pasifiki, wakiishi kwa samaki na chaza. Sababu zilikuwa nyingi, lakini ya kwetu, ile ya kusikia kwamba mahali fulani kuna mishahara minono na kuifuata peke yako, siioni miongoni mwake.

Hapa kwetu, White Sands, kwenye matope ya ziwa lililokauka, zipo nyayo za watu ambazo wanasayansi wanazikadiria kuwa za kati ya miaka 21,000 na 23,000 iliyopita, nyingi zikiwa za watoto na vijana. Mfululizo mwingine wa nyayo hapo hapo, wa zaidi ya kilomita moja na nusu, ni wa mtu, pengine mwanamke, aliyetembea haraka huku amembeba mtoto mdogo. Mara kadhaa alimshusha, na vinyayo vya mtoto vinaonekana kando ya vyake. Kisha anambeba tena na kuendelea.

Mimi nilimwona mwanangu akijifunza kutembea kupitia simu, yeye akiwa Morogoro kwa bibi yake. Ndiyo maana mfano wenu unaniuma: watu wale walihama na watoto wao, na wazee wao, na moto wao, wakati sisi tunavuka bahari kwa siku moja tukiwa tumewaacha wote.

Sisemi msije. Ila mwenye mtoto miongoni mwenu aanze kuulizia viza ya familia kabla ya kuulizia kazi, na aniandikie mapema, maana fomu zake ni ndefu na nitamsaidia kuzijaza.