Mnyama Uliyemjeruhi

Ninyi mnaoanza kuwinda kwa leseni hapa Tanzania huuliza kwanza habari za bunduki. Sisi tuliokwisha kuiweka chini tungependa muulize kwanza habari za damu.

Swala pala akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu mpaka theluthi ya chini ya kifua. Moyo uko hapo, na mapafu juu yake kidogo. Akikupa mgongo, au akiwa na mwenzake nyuma, shusha mtutu. Risasi hupenya ikampata yule ambaye huna kibali chake. Ikifika saa kumi na moja na nusu jioni shusha pia, hata akisimama vizuri namna gani. Giza litakukuta bado unafuata nyayo, na fisi hawangoji kuche.

Ukishafyatua, usikimbie. Weka alama uliposimama, kisha nenda pale alipokuwa. Damu inayong'aa yenye povu imetoka mapafuni, na huyo kwa kawaida haendi mbali. Damu nzito ya rangi nyekundu iliyokoza ni ya ini. Ukiona majimaji ya kijani yenye nyasi zilizotafunwa na harufu ya utumbo, umempiga tumboni. Hapa ndipo wengi huharibu: humfuata papo hapo, naye aliyekwisha kulala kivulini anaamka na kwenda kilomita nzima na maumivu yake. Kaeni kimya nusu saa au zaidi. Kisha tembea pembeni ya nyayo, usizikanyage, na funga kitambaa kwenye kijiti penye tone la mwisho kabla hujatafuta mbele. Tazama na mabua ya nyasi, maana damu iliyopakwa juu huonyesha kimo cha jeraha.

Nyati aliyejeruhiwa hugeuka akangoja kando ya njia yake mwenyewe. Usimwingilie kichakani peke yako.

Mnyama aliyelala mwendee kwa mgongoni, umguse jicho kwa kijiti kirefu. Likipepesa, mmalize hapo hapo. Haraka ya kuchinja imewaumiza watu bure: Mwislamu aliyepiga bismillahi akifyatua, mnyama akafa kwa risasi hiyo kabla hajamfikia, ni halali kwa kauli ya wanazuoni wengi wa leo, akimkuta hai ndipo amchinje.

Asipopatikana, rudini alfajiri. Mwambie askari wa wanyamapori mliye naye ukweli wote, umhesabu kwenye kibali chako, na usipige mwingine badala yake.