Onja maji ya kisima kabla ya kupanda nyasi: kwa wanaoanza kazi ya bustani Malindi

Kijana anayeanza kazi ya bustani hapa Malindi huniuliza kwanza ni nyasi gani iliyo nzuri. Mimi humpeleka kisimani. Teka maji, yatie kinywani, uyasikilize kabla hujayatema. Hayo maji ndiyo yatakayokuchagulia nyasi. Picha aliyokuja nayo mwenye nyumba iwekwe kando kwanza.

Nililijua hili kwa hasara. Nyumba ya kwanza niliyofanyia kazi ilikuwa upande wa Silversands, hatua chache kutoka ufukweni. Mwenye nyumba alikuwa ameipenda nyasi ya Kikuyu aliyoiona Nairobi, akaagiza vipando magunia kwa magunia, nami nikaupanda uwanja mzima bila kuuliza neno. Ile ni nyasi ya nyanda za juu, imezoea baridi. Miezi miwili ya mwanzo ilipendeza kweli. Januari, kaskazi iliposhika, ncha za majani zikaanza kukauka kama zilizopitishwa motoni. Nikadhani ni kiu, nikawa namwagilia kila jioni. Nikadhani ni njaa, nikatia mbolea. Kufika Machi uwanja ulikuwa na rangi ya makuti. Mzee mmoja aliyekuja kusafisha kisima akachota maji kwa kiganja, akaonja, akatema. "Mwanangu," akaniambia, "nyasi hizi unazinywesha munyu."

Yule mzee alinieleza jambo ambalo kila mtunza bustani wa pwani anapaswa kulijua. Chini ya mawe yetu ya matumbawe, maji ya mvua yanaelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi. Pampu ikivuta kwa nguvu na kwa muda mrefu, tabaka la maji matamu hupungua, na ya chumvi hupanda kutoka chini. Ndiyo maana kisima kile kile huwa kitamu baada ya masika, na mwisho wa kaskazi kikawa cha munyu. Kwa hiyo onja mara mbili: alfajiri kabla pampu haijawashwa, na tena baada ya kuvuta kwa saa mbili. Ukihisi tofauti, usiulazimishe mpira utoke kisimani moja kwa moja. Vuta kidogo kidogo, ujaze tangi, umwagilie kutoka humo.

Sasa tuje kwenye nyasi. Maji yakiwa matamu na uwanja upo juani, ukoka unatosha: unatambaa haraka, unavumilia kukanyagwa na watoto, ila kivulini hunyong'onyea. Chini ya miembe au kati ya minazi panda nyasi ya Pemba, yenye jani pana, ambayo jua la nusu siku laitosha. Maji yakiwa na munyu wa kuhisika ulimini, tafuta ile paspalamu ya ufuoni ambayo wataalamu huiita Paspalum vaginatum. Kwao ni kwenye fukwe na vinamasi vya maji ya chumvi, na kati ya nyasi za uwanjani ndiyo inayostahimili munyu kuliko zote. Panda vipando mwanzo wa masika, Aprili, sentimita 15 hadi 20 kati ya kimoja na kingine, ili mvua ikufanyie nusu ya kazi. Chini ya mvinje usijisumbue. Majani yake yanayodondoka hufunika kila kitu; fagia, uache mchanga.

Kumwagilia ndipo wengi wanapoharibu, na ndipo nilipoharibu mimi. Maji kidogo kila jioni hulowesha juu tu. Mizizi haioni sababu ya kushuka, jua la kesho linayakausha maji na kuacha chumvi pale pale, siku baada ya siku, mpaka ukaona weupe juu ya udongo. Tena majani yakilala yamelowa usiku kucha, ukungu huingia. Mwagilia saa kumi na mbili asubuhi, mwagilia kwa kushiba, kisha uache. Weka kopo la maziwa katikati ya uwanja: kwa wiki linatakiwa lipokee kama milimita 25, sawa na lita 25 kwa kila mita mraba, yaani debe moja na robo. Udongo wetu wa mchanga haushiki maji, basi yagawe mara mbili au tatu kwa wiki. Kisima kikiwa cha munyu, mara moja moja zidisha sana ili maji yaisukume chumvi chini ya mizizi. Na mchanga wa ufukweni usiutumie kusawazisha uwanja, hata ukipewa bure. Unabeba chumvi na vipande vya makombe.

Kukata: usiondoe zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mara moja. Pemba iachwe sentimita 5 hadi 7. Ukoka na paspalamu zinakubali 3 au 4. Kisu kiwe kikali. Ukiona ncha zimechanika na kuwa nyeupe, mashine yako inararua.

Udongo wa matumbawe umejaa chokaa tayari, kwa hiyo mimi napendelea mbolea ya salfeti ya amonia, inayopunguza nguvu ya chokaa, kilo 2 kwa mita mraba 100, baada ya mvua au uwanja ukiwa na unyevu, na maji juu yake papo hapo. Jani jipya likiwa la manjano huku mishipa imebaki kijani, mara nyingi ni upungufu wa chuma, na mbolea ya kawaida haitausaidia. Samadi ni nzuri ikioza vizuri. Ikiwa mbichi itakuletea magugu. Ndago ikishaingia, usiing'oe kwa kuvuta. Vile viazi vyake vidogo vimeungana chini kama tasbihi, ukivuta kimoja kinakatika na vingine vinachipua. Chimba kwa jembe dogo, utoe yote, na urudi tena wiki inayofuata.

Wiki chache baada ya mvua angalia yangeyange. Wakitua uwanjani kila asubuhi na kudona mahali pamoja, huenda wanafuata viwavi. Koroga vijiko viwili vya sabuni ya vyombo kwenye lita 4 za maji, umwage kwenye mita mraba moja, uchutame hapo dakika kumi. Kama wamo, watapanda juu wenyewe, na hapo utajua kama kuna haja ya dawa au la.