Maswali na majibu: Subneti ni kalamu na daftari

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wanaojisomea mitandao bila mwalimu, na karibu zote zinauliza habari ya kugawa mtandao wa IP kuwa mitandao midogo, yaani subneti.

Mwalimu, nimekariri maski zote kuanzia /8 hadi /30. Lakini nikipewa 192.168.10.77 yenye maski 255.255.255.192 nakwama. Nifanyeje? (Arua)

Acha kukariri kwanza. Anwani ya IPv4 ni biti 32, yaani sifuri na moja, zilizopangwa mstari mmoja. Maski inaonyesha biti zipi ni za mtandao na zipi ni za vifaa; ukiona /26, maana yake 26 za mwanzo ni za mtandao. Zile nukta zimewekwa ili sisi tusome kwa urahisi, ruta, kifaa kinachounganisha mitandao, haina habari nazo. Andika kwenye daftari 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Sasa 77 ni 64 na 8 na 4 na 1, yaani 01001101. Ile 192 ya mwisho wa maski ni 11000000: biti mbili za mwanzo ni za mtandao, sita zinazobaki ni za vifaa. Zifanye hizo sita kuwa sifuri, unapata 01000000, ambayo ni 64. Basi mtandao wako ni 192.168.10.64. Zifanye zote sita kuwa moja, unapata 127, anwani ya kutangazia wote. Vifaa vinakaa 65 hadi 126, jumla 62.

Ukizoea kwa mkono, njia ya mkato utaiona mwenyewe: 256 ukitoa 192 inabaki 64, kwa hiyo mitandao inaanzia 0, 64, 128 na 192. Video nyingi zinaanza na mkato huu, ndiyo maana mwanafunzi akibadilishiwa okteti tu, yaani moja ya zile sehemu nne za anwani, anapotea.

Ni programu gani nzuri ya kukokotoa subneti kwenye simu? (Jinja)

Nimeshajibu hili mara nyingi: hakuna, kwa anayejifunza. Mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, hauruhusu kikokotoo. Kikokotoo ni cha kuhakiki jibu ulilokwisha kulipata. Na daftari halihitaji bando wala umeme.

Kompyuta mbili ziko kwenye swichi moja. Ya kwanza ni 192.168.1.10, maski 255.255.255.0. Ya pili ni 192.168.1.200, maski 255.255.255.128. Nikijaribu ping, hazifikiani. Nimebadilisha kebo, bado. (Gulu)

Kebo haina kosa, na tafadhali msikimbilie kununua vifaa kabla ya kusoma maski. Ya kwanza inaamini 200 ni jirani yake, kwa hiyo inatuma moja kwa moja na ujumbe unafika. Ya pili inajiona iko kwenye mtandao wa 128 hadi 255. Kwake 10 ni mgeni, basi jibu inalipeleka kwenye getiwei, yaani mlango wa kutokea nje ya mtandao. Kama getiwei haipo, au ni 192.168.1.1 ambayo nayo iko nje ya mtandao wake, jibu linafia hapo. Maski iwe moja pande zote mbili.

192.168.1.0 ni daraja C, kwa hiyo lazima iwe /24, sivyo? (Mbale)

Sivyo. Madaraja A, B na C, yaliyopanga ukubwa wa mtandao kwa namba ya mwanzo ya anwani, yaliachwa mwaka 1993 ilipokuja CIDR, mtindo wa kupanga kwa maski. Inauma kuona vijana wanalipa ada na bado wanapewa maandishi ya somo yanayofundisha madaraja kana kwamba ndiyo sheria ya leo. Yajue kama historia, kisha angalia maski.

Nimepewa kazi ya shule: maabara kompyuta 50, walimu 25, ofisi 10, na kiungo cha ruta mbili. Nina 192.168.20.0/24. Nianzie wapi? (Mbarara)

Anza na kundi kubwa. Maabara ipe /26, kuanzia 0 hadi 63. Walimu /27, 64 hadi 95. Ofisi /28, 96 hadi 111. Kiungo /30, 112 hadi 115. Ukianza na kile kiungo kidogo pale kwenye 0, ofisi haiwezi kuanzia 4, kwa sababu /28 huanzia kwenye namba zinazogawanyika kwa 16. Unaruka hadi 16, na mapengo yanaanza.

Hilo ni jibu la mtihani. Kazini singefanya hivyo. Walimu 25 kwenye nafasi 30 ni kujibana: kila mmoja ana simu, na wiki ya kwanza tu anwani zitaisha. Masafa ya 10.0.0.0/8, ya mitandao ya ndani, yana anwani zaidi ya milioni 16, na hakuna anayekulipisha. Kila kundi lipe /24 yake, uandike mpango wote kwenye karatasi, na nakala ibaki shuleni. Fundi anayeondoka na mpango kichwani amewaachia wenzake mateso.

Kompyuta inakataa 192.168.1.64/26. (Masaka)

Hiyo ni anwani ya mtandao wenyewe. Weka 65.

IPv6, toleo jipya la anwani za IP, ikienea, subneti si itakufa? (Entebbe)

Haitakufa. Biti zinakuwa 128, na mtandao wa kawaida wa ndani hupewa /64. Kugawa kunabaki palepale. Kinachoisha ni ubahili wa kuhesabu vifaa.

Kuna jamaa Kampala anauza maswali halisi ya mtihani. Ninunue? (Kampala)

Usinunue. Cisco ikigundua inaweza kukufutia cheti na kukufungia mitihani yake. Packet Tracer, programu ya Cisco ya kujaribia mitandao kwenye kompyuta, ni ya bure ukijisajili kwenye Networking Academy yao. Pakua, jenga ule mtandao wa shule ya Mbarara, kisha uharibu maski moja uone kipi kinakatika.